Nyasi Juu ya Bati la Mama

Nyasi kavu zikiwekwa juu ya bati la moto, kisha zikamwagiwa maji, hutoa harufu ambayo mimi siwezi kukaa nayo. Si harufu mbaya. Ni kama ugali uliogandia chini ya sufuria. Juzi mkwe wangu alifunika banda lake la kuku kwa nyasi, akazirashia maji, akaniita nje: "Mama, njoo uone! Kuku wameacha kuhema." Alikuwa ametoka kwenye baraza ya chifu, walikofundishwa namna ya kupunguza joto katika mji wetu huu wa Migori. Paka bati rangi nyeupe. Panda mti mlangoni. Weka nyasi. Nilitoka, harufu ikanipiga, nikarudi ndani nikafunga mlango. Akadhani nimechukia kuku wake. Sikumweleza. Nawaeleza nyinyi wa rika langu, mliotolewa kwenye nyumba za nyasi mkaingizwa kwenye mabati mkiambiwa mmepata, kwa sababu nyinyi hamtaniuliza nyasi na kifo vinahusiana vipi.

Baba alitutoa Karungu akatuleta Homa Bay nikiwa nimeng'oka meno ya mbele na mapya hayajaota. Nyumba ya Karungu ilikuwa ya udongo na nyasi. Kuingia ndani yake mchana ni kama kuingia ndani ya mtungi. Lakini mchwa walikuwa wamekula nguzo na ilikuwa imeanza kuinama, na baba hakutaka kuisimamisha. Alitaka tukae mji. Chumba alichotupangia kilikuwa kimoja katika ploti ya vyumba vingi, bati juu, bati ubavuni, bati mlangoni. Mama alipokiona alifurahi. Alikipiga kofi kikalia, akacheka, akasema hapa hata mchwa atavunja meno. Baba akatuacha hapo akaenda Macalder kuchimba dhahabu. Akipata tu, alisema, atatujengea yetu. Wanaume wote wa Macalder walisema hivyo.

Mdogo wangu alizaliwa katika chumba hicho jua likiwa utosini, kwa hiyo akaitwa Ochieng, mtoto wa jua, kama mila yetu inavyotaka. Kisha mvua ikakosa kuja.

Jua la Homa Bay mnalijua. Linatoka mbinguni, halafu linarudi tena kutoka ziwani. Watu hawajamaliza chai, bati tayari limeanza kulia, ta, ta, ta, linajinyoosha. Ndani hukuweza kuegemea ukuta. Mama aliuza omena, dagaa wa ziwani, na omena alizoanika nje zilikuwa na nafuu kuliko sisi tulio ndani, kwa sababu zilipata upepo.

Alijaribu kila kitu ambacho mtu asiye na kitu anaweza kujaribu. Alitundika gunia lililoloweshwa mlangoni. Likakauka kabla hajarudi kutoka bombani. Alitoa jiko nje tukapikia juani. Alikata katoni za sabuni akazifunga kwa kamba chini ya bati ziwe dari, lakini joto likakaa humo kama mgeni asiyejua kuaga, akaziondoa. Alimwaga maji sakafuni, akamlaza Ochieng uchi juu ya leso yenye unyevu, akampepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka mkono ukafa ganzi, nikampokea mimi. Tulikwenda kukaa kivulini nyuma ya duka. Kivuli kilisogea, tukasogea nacho, mpaka kikaisha. Ikifika saa sita ploti zile hazikuwa na kivuli cha kumtosha hata mbuzi. Miti ilikatwa ili wajenge vyumba, na vyumba vilijengwa ili watu kama sisi tuvipange.

Jirani yetu wa ukutani tulimwita Nyar Kano, kwa kuwa alizaliwa Kano, na kwetu mwanamke huitwa alikotoka. Alikuwa na mdomo yule.

"Min Awuor," alimwita mama kwa jina langu, Mama Awuor, "umemwita mtoto jua, halafu unalikataza jua lisimguse?"

"Silikatazi kumgusa," mama akasema. "Nalikataza kumla."

Ochieng alitoka harara mwili mzima. Akalia siku nyingi, kisha akaacha kulia, na hapo ndipo mama alipoogopa. Mtoto anayelia bado ana nguvu. Utosi wake ulizama ukawa kama alama ya kidole gumba kwenye unga. Titi alilishika, akaliachia. Tukampeleka zahanati. Nesi akamgeuza huku na huku.

"Mnalala wapi?"

"Kwa mabati."

"Na mchana?"

"Ni hapo hapo."

"Mama, hii si malaria. Nitakupa maji ya chumvi na sukari umnyweshe kwa kijiko, lakini unamrudisha kwenye tanuri ile ile. Mtoe kwa hiyo nyumba, ama uipoze."

"Nimtoe nimpeleke wapi?"

Nesi akaangalia foleni nyuma yetu. "Basi ipoze," akasema.

Njiani mama hakunishika mkono kama kawaida. Alitembea mbele, akirudia neno lile peke yake. Ipoze. Ipoze. Kama mtu aliyetumwa sokoni kununua kitu ambacho hakiuzwi.

Chumba cha mwisho cha ploti alikaa Mzee Bakari, Mwislamu kutoka pwani, aliyeuza vitambaa na chumvi pale mjini. Alikuwa mtu wa kanzu na kikohozi. Alituona tunarudi, akamtazama mtoto, akatikisa kichwa.

"Mama Awuor, mwanangu, kwetu bati haliachwi uchi hivi. Mwenye bati hulivika makuti juu. Makuti hapa hamna, lakini nyasi si zimejaa pale mlimani?"

"Sisi mwanamke hapandi juu ya nyumba ya mume wake."

"Nani kakwambia upande? Nitapanda mimi."

Mama alimtazama muda mrefu. Mimi nilikuwa mtoto, sikujua alikuwa akipima nini. Sasa najua. Kwetu wanawake hukata nyasi, huzifunga, huzibeba kichwani. Lakini kuziweka juu ni kazi ya mwenye nyumba. Mke akipanda juu ya paa mume akiwa hai, amemkanyaga kichwani, amemwitia mauti. Na mwanamume mwingine akikuezekea, huyo ni mrithi: mwenyewe yuko udongoni, na huyu amekuja kuchukua mahali pake. Ndivyo watu wote wanavyosoma paa, hata asiyejua kusoma kitu kingine.

"Yeye si wetu," mama alisema polepole kwa Kijaluo, akijisemea. "Mkono wake hauhesabiki."

Asubuhi yake alipanda mlima wa Asego na mundu, akarudi na nyasi hata uso hauonekani. Mimi nikatumwa maji. Niliporudi, debe kichwani, nikamwona Mzee Bakari juu ya chumba chetu, kanzu ameikunja kiunoni, na mama chini akimpa nyasi mzigo kwa mzigo.

Sasa nisikilizeni. Kabla hatujahama Karungu, binamu ya baba alikufa, na matanga yalipokwisha, shemeji wa mjane alikuja akaezeka nyumba ya huyo mjane. Tulikula nyama siku ile. Nilimuuliza nyanya kwa nini wanaweka nyasi mpya na zile za zamani hazivuji. Akasema, "Ili watu wajue nyumba imepata mwenyewe tena." Neno hilo lilikuwa limekaa ndani yangu likisubiri. Na baba hakuwa ametuma habari tangu mvua ilipokatika. Na mama alikuwa na macho ya mtu anayeficha kitu. Kisha Nyar Kano, akisuka nywele mlangoni kwake, akanirushia: "Awuor! Leo mna baba mpya! Mtakula pilau mpaka mchoke!"

Nilitua debe taratibu, maana maji hayakuwa ya kumwaga. Nikaweka mikono kichwani. Nikapiga nduru, ule ukemi wa msiba wanaopiga mama zetu, ambao mtoto hafundishwi ila anaujua. Baba amekufa! Baba amekufa Macalder! Sijawahi kulia vile tena, hata nilipofiwa kweli.

Ploti yote ikamwagika nje. Wanawake wengine wakaupokea ukemi kabla hawajajua ni wa nani. Mama akaja mbio akanipiga kofi.

"Nani amekufa? Nani amekwambia?"

Nikaonyesha paa.

Wote wakatazama juu. Kisha wakaanza kucheka, mmoja mmoja. Mzee Bakari, aliyekuwa karibu kuanguka kwa ukemi wangu, alipoelezwa akashika kichwa. "Astaghfirullah! Mimi nimeezeka kivuli, jamani. Sikuezeka mke wa mtu!" Wakacheka zaidi. Lakini wazee wawili wa kiume hawakucheka. Na mwanamke mmoja aliyekuwa akikimbilia gari la Karungu alisikia ukemi, akaona mwanamume juu ya paa, hakusikia kofi. Akaondoka nao.

Msinitazamie niombe msamaha hapa. Mtoto hulilia alichokiona.

Zilizofuata zilikuwa siku nzuri, na nazikumbuka kwa ngozi zaidi kuliko kwa akili. Mzee Bakari alifunga nyasi zile kwa kamba ya katani na kuzigandamiza kwa mawe. Mama akasimama juu ya kigoda akazirushia maji, na ile harufu ikashuka. Chumba kikawa na giza. Bati likaacha kulia. Mchana nilimwona mama akiketi bila kupepea chochote, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Ochieng alilala. Jioni akanyonya kidogo. Kesho yake akanyonya zaidi, na akamkojolea Nyar Kano aliyekuja kuchungulia, naye akasema, "Aa, huyu amefufuka."

Kisha baba akaja.

Alitokea mlangoni na udongo wa shimoni mpaka kwenye nyusi. Nikapiga yowe nikajificha nyuma ya mama. Kwa nini nisijifiche? Si alikuwa amekufa?

"Nimepewa pole kwa kifo changu mwenyewe," akasema. "Watu wanatoka shimoni wananishika mkono. Mos, mos, pole, tumesikia umekufa. Nikauliza, nimekufia wapi? Wakaniambia, umefia Homa Bay, na mke wako amesharithiwa."

Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na nadhani aliogopa. Mwenye hasira alikuwa baba mkubwa, kaka yake, aliyetoka Karungu kumtafuta maiti na akamkuta hai njiani. Baba mkubwa alikataa kuingia. Alisimama juani akaonyesha nyasi kwa bakora yake.

"Unaingia humo kama nani? Mwenye nyumba hii ni yule wa kanzu."

Baba akaingia. Akachuchumaa, akamgusa Ochieng shavu kwa mgongo wa kidole, kwa sababu viganja vyake vilikuwa na magamba. Akatoka.

"Mtoto amelala vizuri," akasema.

"Amelala kwa baba mwingine."

Neno hilo lilimwingia. Nililiona likiingia. Baba alikuwa mtu mpole, na mtu mpole akichomwa hatafuti kisu, hutafuta pa kujificha. Alipanda akang'oa nyasi zote, akazitupa uani. Mzee Bakari alitoka kuzungumza, baba mkubwa akampungia bakora, akarudi ndani kwake.

"Nitaziweka mimi mwenyewe," baba alimwambia mama. "Ni mkono tu ninaobadilisha. Leo leo."

"Huwezi leo," baba mkubwa akasema. "Wewe umeliliwa. Mtu aliyeliliwa kung'oa anaweza, lakini haezeki kabla hajanywa manyasi." Hiyo ni dawa ya miti, ya kumtakasa mtu aliyevunja mwiko au aliyevunjiwa. "Twende nyumbani, wazee wakuandalie. Ukirudi utaezeka hata kwa dhahabu."

"Atarudi lini?" mama akauliza.

"Wazee hawaharakishwi, Min Awuor."

Gari la Karungu lilikuwa halijaja. Wanaume wakaketi wakilingoja kwenye kivuli cha upana wa kiganja chini ya ukingo wa bati, magoti wameyakunja. Kivuli kikaendelea kwisha. Bati likaanza tena, ta, ta. Ndani mama akaloanisha leso, akaloanisha tena. Maji yakaisha kwenye debe. Ochieng akaanza kuhema kwa tumbo, haraka haraka, kama mjusi. Mama akampa titi. Mdomo ukabaki wazi juu yake, haukufunga.

Akatoka naye akamweka mbele ya baba.

"Mtazame."

"Nimemtazama."

"Ukitoka kwa wazee utamkuta?"

Baba aliangalia kule gari lingetokea. Nilidhani anataka lije. Siku hizi nadhani alikuwa anaomba lisije.

"Min Awuor," baba mkubwa akasema, na sauti yake sasa haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililonitisha, "mtoto Mungu hukupa mwingine. Mume ukimuua, utaokota wapi?"

Mama akageuka akanipa Ochieng. Alikuwa mwepesi, na moto kama chungu kilichoipuliwa sasa hivi. "Ingia naye. Mlaze chini, mpepee. Usitoke hata ukisikia nini."

Kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia, sikuyaona. Nilisikia pipa likiburutwa mpaka ukutani. Nikasikia wanawake wakisema "aa-aa-aa", kama mtu anayemzuia ng'ombe asiingie shambani. Kisha bati likabonyea juu yangu, vumbi likanidondokea machoni, nikajua ni mguu wa mama.

"Shuka!" Hiyo ilikuwa sauti ya baba mkubwa. "Shuka! Ukikaa hapo umemzika ndugu yangu akikuangalia!"

"Mzike basi," mama akasema. Hakupaza sauti, bati ndilo lililopaza. "Yeye ana ukoo wa kumzika. Ana ng'ombe wa kuchinjiwa. Huyu aliye ndani ana nani? Leteni nyasi."

Hakuna aliyesogea. Mwenye kumpa nyasi naye amevunja mwiko pamoja naye; hilo hata mimi nililijua. Nyasi zilikuwa uani, mama yuko juu, na katikati walisimama watu wa ploti nzima.

"Hakuna mtu?" mama akauliza. "Jamani. Hakuna mtu hapa?"

Nilimpepea Ochieng. Mabati yale yalikuwa ya mitumba, yametolewa kwenye nyumba nyingine, na kila tundu la msumari wa zamani liliingiza uzi wa jua. Nyuzi zile zilisimama pande zetu zote, na pale zilipomgusa mtoto nilifunika kwa kiganja changu, hapa na hapa, lakini viganja ni viwili na matundu yalikuwa mengi. Niliita jina lake. Macho yalikuwa nusu. Nikaona hatanijibu, na nikaacha kuogopa kwamba baba amekufa au hajafa. Hofu yote ilikuja ikaketi mahali pamoja.

Ndipo nikamsikia baba. Alikuwa karibu sana na ukuta.

"Usikanyage hapo katikati, bati ni jembamba. Kanyaga penye misumari. Ndiyo. Sasa shika."

Mzigo wa nyasi ukatua juu, fu! Uzi mmoja wa jua ukazimika.

"Ndugu yangu!" baba mkubwa akapiga kelele. "Umejizika!"

"Nimesikia," baba akasema. "Awuor amekwisha kunililia. Shika, mama Ochieng, huo mwingine."

Baba mkubwa alitema mate, nilisikia. Kisha nikasikia bakora yake ikienda, tok, tok, kuelekea barabarani. Wanawake hawakuondoka. Baadaye kidogo nikasikia maji yakichotwa, na sauti ya Nyar Kano ikisema hapana, yeye hagusi nyasi, lakini maji si nyasi, nani aliyesema maji ni mwiko? Na nyuzi zikaendelea kuzimika, mmoja kando ya mlango, wawili juu ya kitanda, ule mnene uliokuwa ukimchoma Ochieng mguuni. Giza likatambaa sakafuni mpaka likatufikia. Harufu ikashuka.

Nilimlaza kifuani kwangu kwa sababu sakafu ilikuwa imekauka. Muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha nikahisi uso wake ukisugua gauni langu, upande huu, upande ule, kwa hasira, mdomo ukitafuta, ukashika kitambaa na ngozi yangu kavu ya kitoto ukavuta.

"Mama!" nikapiga kelele juu. "Mama, anatafuta titi!"

Miguu juu ikasimama.

"Umesikia?" baba akasema kutoka chini. "Shuka umnyonyeshe. Nitamalizia mimi."

"Wewe bado maiti," mama akasema. "Nipe nyasi."